Hatua Moja kutoka Ngoro hadi Ziwani: Mwongozo wa Kuhariri Kichupa cha Ndoto

Mwimbaji wako ananyanyua mguu wa kulia ndani ya ngoro, shimo la shamba la Wamatengo, juu huko Umatengo wilayani Mbinga, ukungu umemfunika mpaka kiunoni. Mguu unashuka. Unapotua, unatua ndani ya maji ya Ziwa Nyasa pale Mbamba Bay, na jua linawaka. Hapo hapakutumika kitambaa cha kijani wala programu ya bei mbaya. Kilichotumika ni barabara ya lami ya kilomita 67 kati ya Mbinga na Mbamba Bay, siku moja ya kazi, na mkato mmoja uliopimwa sawasawa.

Nakuandikia wewe unayepiga na kuhariri vichupa vya muziki kwa simu au kamera ndogo katika wilaya za Mbinga na Nyasa, na ambaye umechoka kumsimamisha msanii mbele ya gari la kuazima. Ninalokusihi ni moja. Katika kichupa cha ndoto, vunja kila kitu, ila acha uzi mmoja mzima. Uzi huo unaweza kuwa mwendo wa mwili, mwelekeo wa macho, umbo la vitu au mdundo wa wimbo. Mtazamaji akiushika, utamvusha popote utakapo. Ukiukata na huo pia, hataota chochote. Atachanganyikiwa, na kidole chake kitasogea kwenye video ya mtu mwingine.

Mkato wa mguu

Wazo hili lina wazee wake. Maya Deren, mzaliwa wa Ukraine aliyekulia Marekani, alitengeneza filamu iitwayo Meshes of the Afternoon mwaka 1943, nyumbani kwake Los Angeles, akiwa na mumewe Alexander Hammid. Ndani yake mwanamke anapiga hatua chache tu, na kila hatua inatua pengine: mchangani, majanini, kwenye saruji, kwenye zulia. Miaka miwili baadaye, katika A Study in Choreography for Camera, alimpiga picha mcheza dansi Talley Beatty akinyanyua mguu msituni na kuushusha sebuleni. Filamu hiyo ni ya dakika chache na haina sauti. Itafute uitazame mara nyingi, na kila mara jiulize jicho lako lilikuwa wapi mkato ulipopita.

Jibu ni kwamba jicho lilikuwa linaufuata mguu. Ndiyo maana halikupata nafasi ya kuuliza msitu umekwenda wapi. Kwa hiyo yote utakayoyafanya Mbinga na Mbamba Bay yawe ya kuulinda ule mguu.

Anza Mbinga, umalizie ziwani. Sababu ni ya kawaida kabisa: nguo ikilowa maji ya ziwa hairudi kavu siku hiyo. Fika shambani kabla jua halijavuka milima, wakati ukungu bado umelala mabondeni. Weka kamera chini, usawa wa goti, na upime kimo chake kwa fimbo utakayoibeba mpaka ziwani. Andika kwenye daftari mambo haya: kimo cha kamera, umbali wake kutoka kwenye mguu, lenzi uliyotumia, mguu uliotangulia, na upande aliokuwa anaelekea msanii katika fremu. Kama Mbinga alitoka kushoto kwenda kulia, Mbamba Bay naye atoke kushoto kwenda kulia. Ukikosea hili tu, mtazamaji ataona mtu aliyegeuka, na uzi utakatika.

Kasi ya mguu husahaulika mara nyingi. Udongo wa ngoro ni laini na umeinama, hivyo mtu hukanyaga polepole akitafuta mizani. Majini mguu huvutwa. Weka spika mahali pote pawili, cheza kipande kilekile cha wimbo, na mwambie msanii anyanyue kwenye biti ya kwanza na kukanyaga kwenye biti ya tatu. Mdundo ndio utakaozilinganisha hatua mbili zilizopishana kwa saa kadhaa.

Kisha chukua udongo. Chota udongo wa shamba lile kwenye ndoo ndogo, baada ya kumwomba mwenye shamba, na ukifika Mbamba Bay umpake msanii miguuni kabla hajakanyaga maji. Maji ya Nyasa ni maangavu kiasi kwamba utaona udongo ukijitenga na ngozi na kutawanyika kama moshi. Kwa sekunde mbili hivi Umatengo inayeyuka ziwani mbele ya macho ya mtazamaji, na hiyo ni picha usiyoweza kuinunua. Ili uone chini ya maji bila mng'ao, piga kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana jua likiwa juu, na uweke kioo cha miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lenzi ya simu, ukikizungusha taratibu mpaka mng'ao upungue.

Ukikaa kuhariri, usikate mguu ukiwa umeshatua. Kata ukiwa bado unashuka, katika theluthi ya mwisho ya mwendo. Acha fremu mbili au tatu za mwendo zijirudie upande wa pili wa mkato, yaani mguu wa Mbamba Bay uanze juu kidogo kuliko pale wa Mbinga ulipoishia. Ukitazama fremu moja moja inaonekana ni kasoro, lakini ikichezwa kwa kasi yake jicho linaunga lenyewe. Sawazisha mwanga wa picha mbili ziwe karibu, ila rangi ziache kama zilivyo. Buluu ya ukungu na njano ya pwani zinapogongana ndipo mtu anapohisi ameshuka kutoka vijiji vinavyopita mita 1,500 hadi kwenye ziwa lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari.

Kuhusu msimu: ngoro mpya huchimbwa mvua zinapoelekea mwisho, Februari na Machi, ili kupanda maharage. Mashimo huonekana vizuri zaidi yakiwa mapya. Kuanzia Mei upepo wa mwera huanza kuvuma kutoka kusini, na ukishika kasi ziwa huchafuka na mitumbwi hubaki ufukoni. Mwisho wa Machi na mwezi wa Aprili ndipo penye nafasi nzuri ya kupata vyote viwili, ukikubali kunyeshewa. Na kabla mtu yeyote hajaingia majini, waulize wavuvi wa hapo mahali salama. Epuka midomo ya mito, ambako kuna mamba, na epuka penye matete na maji yaliyotulia, kwa ajili ya kichocho.

Jiwe linalotazama

Uzi wa pili ni macho. Mrusi Lev Kuleshov alionyesha jambo hili karibu mwaka 1920. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, usio na hisia yoyote, akauunga mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Watazamaji wakaona njaa, kisha wakaona huzuni. Uso haukubadilika. Maana ilizaliwa kwenye kiungo kati ya picha na picha.

Nenda nalo Liuli, bandari iliyo kandokando ya Ziwa Nyasa. Mbele ya bandari ile kuna jiwe kubwa ambalo wenyeji huliita Pomonda, na ambalo Wajerumani waliliona kuwa linafanana na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika hapo na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Jiwe lilikuwepo. Kichupa chako kinaweza kulifanya lionekane linakumbuka.

Utahitaji shoti tatu. Ya kwanza, msanii anatazama juu, pembeni mwa fremu, bila kuimba. Ya pili, jiwe, kamera imetulia kabisa. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi: msanii akionekana kutoka upande wa jiwe, kwa juu na kwa mbali, mdogo ufukoni. Panga jicho la msanii, jiwe, msanii kwa mbali, na papo hapo jiwe limekuwa na macho. Shoti ya jiwe iache ikae muda mrefu kuliko unavyoona inafaa, hata pau mbili nzima za muziki. Nakuomba sana usilichoree macho kwa programu. Ukilichorea, mtazamaji ataambiwa kitu ambacho alikuwa karibu kukihisi mwenyewe.

Kabla ya kupiga, waone wazee wa Liuli. Mahali kama pale huwa na habari zake, na baadhi ya mawe na miti kando ya ziwa ni mahali pa tambiko. Ukiamkia shikamoo na kukaa chini kusikiliza, mara nyingi utaondoka na ruhusa pamoja na shoti bora kuliko uliyoandika kwenye daftari.

Hapa niseme na hili. Vichupa vingi vya kwetu vinavyotafuta ndoto huishia kwenye uchawi wa maigizo: fuvu la plastiki, kaniki, moshi wa mashine. Ndoto haihitaji hayo. André Breton alipoandika ilani yake ya usurealisti mjini Paris mwaka 1924, alikuwa anatafuta namna ya kuunganisha ndoto na maisha ya kila siku. Luis Buñuel na Salvador Dalí walimfuata mwaka 1929 na Un Chien Andalou, filamu ya vitu vya kawaida kabisa, kama wembe, piano na sisimizi, vilivyowekwa mahali visipostahili. Na sisi hatukuwasubiri watu wa Paris. Mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa vinyago vya shetani miaka ya 1950, ambamo kiungo kimoja cha mwili hugeuka kingine bila kuomba radhi. Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona na Mzingile, riwaya mbili fupi zinazokwenda kwa mantiki ya ndoto kutoka ukurasa wa kwanza. Kama unataka kujua Kiswahili kinavyoota, zisome kabla ya kuandika skripti. Wahusika wake wanatembea, wanauliza maswali, wanafika mahali pasipo na maelezo, na sentensi zenyewe zinabaki nyoofu na tulivu. Utulivu huo ndio unaoutafuta kwenye picha.

Ngoro na wavu

Uzi wa tatu ni umbo, na katika umbo nchi hii imekutengenezea mkato ambao sijui kama kuna mahali pengine utaupata.

Wamatengo wamelima kwa ngoro kwa zaidi ya miaka 100. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana. Wanawake huchimba udongo wa katikati na kuufunikia juu ya majani. Linabaki shimo la upana wa mita moja na nusu hivi, limezungukwa na matuta pande nne, na kando yake jingine, na jingine, mpaka mlima wote umejaa. Mvua ikinyesha maji hutulia mashimoni badala ya kuuporomosha udongo, na majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea. Ukiutazama mteremko huo kutoka mlima wa pili, unaona matundu. Sasa shuka Mbamba Bay au Lituhi, umtafute mvuvi anayetengeneza wavu wenye matundu makubwa, umwombe auinue dhidi ya anga.

Umeshaelewa ninakokwenda. Mlima wa matundu unageuka wavu, na wavu unageuka mlima. Jembe upande mmoja, sindano ya kushonea nyavu upande mwingine, na wimbo ukipita katikati.

Ili mkato uungane, maumbo yalingane ndani ya fremu. Piga mteremko kwanza, kutoka mlima wa pili, kwa lenzi ya kuvuta, kamera ikiwa juu ya kitu kisichotikisika. Huhitaji droni, maana mabonde ya Umatengo yanatazamana. Ukitaka droni, lazima upate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na ziwa hili ni la mpakani, kwa hiyo usijaribu kurusha bila kibali. Hifadhi picha moja ya mteremko kwenye simu. Ukifika kwa mvuvi, iweke simu hiyo kando ya kamera, umwombe ausogeze wavu mbele au nyuma, auinamishe kidogo, mpaka tundu la wavu liwe na ukubwa uleule wa shimo la ngoro katika fremu na mistari iinamie upande mmoja. Dakika 20 za uvumilivu hapo zitakuokolea jioni nzima ya kuvuta picha kwa vidole kwenye programu.

Katika kuunga, jaribu njia mbili. Kwanza mkato mkavu, kwenye biti ya kwanza ya kiitikio. Kisha jaribu kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine kwa fremu 50, yaani sekunde mbili kwa fremu 25. Mimi napenda kuyeyusha hapa, ingawa mahali pengine pengi naona ni uvivu. Kwa sekunde moja katikati, mashimo na matundu yanakaa pamoja, na mtazamaji anaona mlima ukiwa umevuliwa.

Maumbo mengine yapo kila upande: duara la uso wa ngoma, duara la sufuria, duara la mwezi ziwani. Na kuna kungu, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kwa mamilioni na kusimama juu ya maji katika minara mirefu inayofanana na moshi, ambao watu wa kandokando ya ziwa huwakusanya na kuwafanya kitoweo. Hutawaagiza waje. Ila kama umeshapiga moshi ukitoka kwenye paa la jiko kule Mbinga, na kamera iko karibu siku watakayotokea, utakuwa na kiungo ambacho hakuna studio ya Dar es Salaam itakayokikaribia.

Wakati ukienda kinyume

Kimia kinaruka kutoka ziwani, kinajikunja hewani na kutua mkononi mwa mvuvi. Kahawa nyekundu zinapanda kutoka kwenye kikapu na kujibandika kwenye tawi. Hivi ni vitu vya kugeuza picha tu, na programu zote za simu zina kitufe hicho. Kazi ngumu ni msanii anayeimba.

Katikati ya miaka ya 1990 dairekta Spike Jonze alilipiga picha kundi la The Pharcyde la Los Angeles likitembea na kuimba kinyumenyume, kisha akaigeuza picha, ili midomo ifuate wimbo huku dunia ikirudi nyuma. Wewe anza na mstari mmoja, usijaribu ubeti mzima. Ugeuze ule mstari kwenye programu ya sauti, umpe msanii kwenye simu, ausikilize siku kadhaa mpaka aweze kuuimba ulivyo. Kiswahili kinakusaidia na kinakuponza. Silabi zetu huishia na irabu, kwa hiyo mstari uliogeuzwa utaanza mdomo ukiwa wazi, na hilo ni rahisi. Lakini sauti za p, b na m hufunga midomo kabisa, na hizo ndizo mtazamaji atakazokukamata nazo. Chagua mstari wenye chache. Herufi nyingine zikipishana kidogo hakuna atakayeona.

Kuna njia ya pili, rahisi zaidi, na vichupa vingi unavyovipenda vimeitumia bila kusema. Ongeza kasi ya wimbo mara mbili, mwache msanii aimbe kwa kasi hiyo, na urekodi kwa fremu 50 kwa sekunde. Ukiipunguza kuwa fremu 25, midomo itarudi kwenye wimbo wa kawaida, lakini nguo, nywele, mawimbi na watoto wanaokimbia nyuma yake watakwenda kwa nusu ya kasi. Kama simu yako inarekodi fremu 60, tumia 60 na 30, hesabu ni ileile. Ubeti wenye maneno mengi hautaimbika kwa kasi hiyo. Kiitikio chenye maneno marefu ya kuvutwa kitafaa sana.

Na ile mbinu kongwe aliyoitumia sana Mfaransa Georges Méliès bado inafanya kazi ngoroni: kamera haitikisiki, msanii anashuka kwenye shimo na kuinama, unasimamisha kurekodi, anahamia shimo la mbali, unaendelea, anaibuka. Funga mwanga na fokasi ya simu kabla hujaanza. Mawingu ya Umatengo hupita haraka, na mwanga ukibadilika kati ya mashimo mawili kila mtu atajua.

Usiku wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, unastahili maneno yake. Wavuvi huenda ziwani na taa, na ukiwa ufukoni unaona kama mji umejengwa juu ya maji. Piga taa hizo kamera ikiwa imetulia, mwanga ukiwa umepunguzwa hadi anga na maji yawe meusi kabisa. Baadaye iweke picha hiyo juu ya picha ya shamba la kahawa iliyopigwa wakati wa magharibi, na uchague hali ya kuchanganya ya skrini. Katika hali hiyo cheusi hutoweka na chenye mwanga hubaki, na taa za usipa zitaelea katikati ya mibuni. Mwimbaji apite katikati yake bila kuzitazama. Akizitazama na kushangaa, mtazamaji atashangaa mwigizaji badala ya kuota naye.

Mganda unakufundisha kukata

Mdundo ndio uzi unaokaa hata vingine vikilegea, na mwalimu wake yuko karibu. Ngoma ya mganda inachezwa pande zote mbili za ziwa. Wanaume katika mistari, mavazi yao mara nyingi meupe, ngoma kubwa, vibuyu vinavyopulizwa kwa sauti inayovuma kama tarumbeta, na kiongozi mwenye filimbi. Asili yake ni gwaride la askari wa enzi za ukoloni na ngoma ya beni iliyosambaa Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975.

Angalia mistari ya mganda inapogeuka. Hawageuki kwenye kila pigo. Wanashikilia mwendo mmoja, wanaushikilia tena, ndipo filimbi inalia na wote wanavunja pamoja. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kukata. Wahariri wengi wachanga hukata kwenye kila biti, na baada ya sekunde 30 mkato hauna maana tena. Fanya hesabu kwanza. Wimbo wenye biti 100 kwa dakika una fremu 15 kwa kila biti ukihariri kwa fremu 25, na pau moja ya biti nne ni fremu 60. Weka alama hizo kwenye wimbo kabla hujaweka picha yoyote. Halafu uamue ni alama zipi utaziruka. Mimi nakata fremu moja au mbili kabla ya biti, maana jicho huchelewa kidogo kuipokea picha mpya, na biti ikilia picha iwe imeshakaa.

Waliosomea vichupa wanasaidia hapa. Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha 1992, alisema picha inaweza kuonyesha kile wimbo unachosema, kukikuza, au kutengana nacho. Carol Vernallis aliandika mwaka 2004 kwamba uhariri wa kichupa kazi yake ni kuufanya muziki usikike vizuri zaidi, na hadithi inakuja baadaye. Ukiyaweka pamoja unapata kanuni ya kazi: ubeti wa kwanza uonyeshe, kiitikio kikuze, na mstari mmoja tu katika ubeti wa pili utengane kabisa na maneno. Mstari huo uchague kwa makini. Ndoto ikitapakaa wimbo mzima hugeuka mazoea.

Mtu wa kumtazama katika hili ni Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1978, aliyekulia Ubelgiji. Filamu yake fupi Zombies ya mwaka 2019, iliyopigwa Kinshasa na kujengwa juu ya nyimbo zake, inaanzia mahali pa kawaida kabisa, saluni na klabu ambamo watu wamegandamana na simu zao, ndipo mavazi na gwaride la mtaani vinapoanza kuipindua dunia. Mwaka 2023 filamu yake ndefu, Augure, ilipata tuzo Cannes. Mtazame anavyochukua muda kujenga kawaida kabla ya kuivunja. Mtazame pia Djibril Diop Mambéty wa Senegal katika Touki Bouki ya mwaka 1973, yenye pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe na wimbo mmoja kuhusu Paris unaorudi na kurudi hadi unauma.

Kabla na baada ya kukata

Jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya kutoa kamera, na ufukoni uwaone viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU). Kwa kazi ya biashara, ulizia kibali Bodi ya Filamu mapema, ukiwa bado unaandika skripti. Kikundi cha mganda utakachokipiga ni wasanii wenzako, hivyo mkubaliane malipo na maandishi ya mwisho yatakayotaja jina la kikundi. Vipande vya ngoma yao ukivitia kwenye wimbo, hilo ni makubaliano jingine, na ni vyema liandikwe.

Picha zote zihamishie mahali pawili usiku uleule, kabla hujalala. Hariri toleo la kwanza bila madoido yoyote, mikato tu. Kisha lizime sauti na umwonyeshe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo, mama muuza dagaa au fundi pikipiki. Usiitazame skrini, mtazame yeye. Macho yake yatakapoondoka kwenye simu, andika sekunde hiyo. Hapo ndipo uzi ulipokatika. Rudi kwenye shoti zako utafute mguu, jicho, umbo au pigo la kuuungia. Usipopata, kitoe kipande hicho chote hata kama kilikugharimu safari ya mtumbwi.

Toleo la mwisho likikamilika, litoe katika fremu zilezile ulizohariria, na utengeneze nakala ya pili nyepesi ya kutumwa kwa simu. Nakala nzito iweke kwenye memori kadi uwapelekee wachezaji wa mganda, mvuvi aliyekushikia wavu na mwenye lile shamba, waione wao kwanza kabla hujaipandisha mtandaoni. Kama kuna anayetaka kitu kiondolewe, siku hiyo bado inawezekana.